Tani 77

Baba yangu alifanya kazi bandari ya Kilindini, Mombasa, miaka 31. Alianza akiwa kibarua wa kubeba magunia ya kahawa mgongoni, akapanda akawa mpiga ishara, yule anayesimama ukingoni mwa ngama, tumbo la meli lenye mizigo, na kumwongoza mwendesha winchi kwa mikono, bila neno. Kiganja juu, inua. Kiganja chini, shusha. Ngumi, simama. Utotoni tuliucheza mchezo huo uani kwetu Majengo: yeye ameketi mkekani, sisi watoto ndio winchi. Akikunja ngumi unaganda hapo hapo ulipo, hata kama mguu mmoja uko hewani.

Ngumi hiyo hunijia kila nisomapo habari za meli ya silaha.

Alhamisi ya tarehe 12 Februari 2009 nilikuwa miongoni mwa watu waliosimama Mama Ngina, kando ya bahari, chini ya mibuyu, kuitazama meli Faina ikiingia. Mombasa nzima ilikuwa na habari yake. Maharamia wa Kisomali waliiteka tarehe 25 Septemba 2008 ikiwa njiani kuja kwetu, wakaishikilia zaidi ya miezi minne, nahodha wake akafia humo, na hatimaye ikaachiwa baada ya kulipwa dola milioni 3.2. Ndani mlikuwa na vifaru 33 aina ya T-72 kutoka Ukraine, pamoja na silaha nyingine na risasi. Tulifurahi. Mabaharia walikuwa wanarudi hai kwa watu wao, na mama mmoja muuza mihogo kando yangu alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka machozi yakamtoka. Furaha ile siihesabu kuwa kosa. Lakini sisi tuliosimama pale, wengi tukiwa wana wa bandari, tuliolelewa kwa mshahara wa bandari, hapana hata mmoja niliyemsikia akiuliza vifaru vile vinakwenda kwa nani.

Niliporudi nyumbani nikamweleza baba. Alikuwa amestaafu zamani, lakini kila meli iliyoingia ilikuwa bado yake.

"Ile ni ya mlango wa nyuma," akasema. "Vitashuka vyenyewe kwa minyororo yao. Hapana mkono utakaovigusa."

"Na kamba za meli, baba? Nazo zitajifunga zenyewe?"

Alinitazama kwa muda, kisha akaomba maji ya kunawa.

Kilichonifanya nimjibu hivyo ni Durban, Afrika Kusini. Mwaka mmoja kabla, kasoro miezi, jambo lilitokea kule ambalo lilinipindua kabisa jinsi nilivyokuwa nikiielewa siasa. Mimi ni mtu wa mrengo wa kushoto na sijapata kulificha. Lakini ukushoto wangu wa ujana ulikuwa wa mabango. Nilikuwa kijana tu Februari 15, 2003, siku mamilioni ya watu walipojaa barabara za London, Roma na miji mingine mingi duniani kupinga vita vya Iraq. Nililia kwa matumaini mbele ya televisheni ya jirani. Mwezi mmoja na siku chache baadaye mabomu yakaanza kuanguka Baghdad. Wale waliotawala walitazama bahari ile ya watu kupitia madirishani, wakangoja ijikaushe. Tangu hapo nilibaki na swali: kama watu wengi kiasi kile hawawezi kuizuia vita, nani anaweza?

Basi Aprili 2008 meli ya Kichina iitwayo An Yue Jiang ikatia nanga nje ya bandari ya Durban. Ilikuwa mali ya COSCO, kampuni kubwa ya meli ya serikali ya China. Ilibeba tani 77 za silaha za jeshi la Zimbabwe: risasi kama milioni 3 za bunduki za AK-47, makombora 1,500 ya kurushwa kwa bega, na mabomu ya mizinga midogo kwa maelfu. Zimbabwe walikuwa wamepiga kura tarehe 29 Machi. Wiki zilipita na matokeo ya urais hayakutangazwa, na vijijini watu walikuwa wameanza kupigwa kwa sababu ya kura zao. Thabo Mbeki, rais wa Afrika Kusini, alitoka kuonana na Mugabe akasema hakuna mgogoro. Serikali yake ikatoa kibali silaha zipite nchini kwa barabara mpaka mpakani. Msemaji wake akasema hiyo ni biashara ya nchi mbili, wao hawawezi kuiingilia.

Jarida moja dogo la uchunguzi likaipata karatasi ya mzigo na kuichapisha. Hapo ndipo chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, SATAWU, kikasimama. Katibu mkuu wake, Randall Howard, akatangaza kwamba wanachama wake bandarini hawataupakua mzigo ule, na madereva wa malori hawataubeba. Hawakuomba serikali ibadili sera, wala hawakuandika waraka wa kumsihi rais. Walisema mikono yetu haimo.

Wakati huohuo, Rubin Phillip, askofu wa Anglikana wa Natal, na Paddy Kearney, mtu wa makanisa aliyepigania haki kwa miaka mingi mjini humo, wakaenda Mahakama Kuu ya Durban. Ijumaa tarehe 18 Aprili jaji akatoa amri ya kusimamisha safari ya silaha zile ndani ya nchi. Kabla amri haijafikishwa melini, An Yue Jiang iling'oa nanga ikaondoka. Ikazunguka rasi ya kusini ikitafuta pa kushusha. Msumbiji ilikuwa imekwisha kusema haiitaki. Levy Mwanawasa, rais wa Zambia, aliyekuwa mwenyekiti wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, akaziomba nchi za kanda ziikatae. Shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa uchukuzi likapeleka habari kwa vyama vyake katika kila bandari ambako meli ile ingeweza kukimbilia. Angola ikairuhusu iingie Luanda, kwa sharti la kushusha bidhaa za Angola tu. China ikatangaza kuwa silaha zinarudi.

Baadaye watu wa serikali ya Harare walidai silaha ziliwafikia hata hivyo, China ikakanusha. Na umwagaji damu haukukoma. Kuelekea duru ya pili ya Juni 27 wafuasi wa upinzani waliuawa na kuteswa mpaka mgombea wao, Morgan Tsvangirai, akajitoa. Kwa hiyo siwezi kusema makuli wa Durban waliiokoa Zimbabwe. Lakini huwa nawajibu wanaotumia hilo kuwadharau. Serikali ya nchi yenye nguvu kuliko zote kusini mwa Afrika ilisema haiwezi kuuzuia mzigo ule. Ukazuiwa bandarini mwake, na watu wanaolipwa kwa zamu.

Wala halikuwa jambo la kushtukia. Mwaka 1935, Mussolini alipoivamia Uhabeshi, makuli Waafrika wa Durban walikataa kupakia nyama ya kulishia jeshi la Italia. Jambo kama hili hukaa katika bandari kama chumvi ikaavyo katika kuta za mji wa pwani. Mjukuu hulikuta lipo. Ndiyo maana Februari 2009, Gaza ilipokuwa imetoka kupigwa kwa wiki tatu, SATAWU walitangaza tena kwamba hawatapakua meli kutoka Israel. Februari 2009. Mwezi uleule sisi tuko Mama Ngina tunaishangilia Faina. Bahari ni hiyohiyo moja.

Sasa niseme la kwetu, maana ndilo linaloniuma.

Serikali ya Kenya ilisema vifaru ni vya jeshi letu. Mtu mmoja Mombasa alisema sivyo. Andrew Mwangura, aliyekuwa akiongoza mpango wa kuwasaidia mabaharia wa Afrika Mashariki, alieleza mapema kabisa kwamba mzigo ule ulikuwa wa Sudan Kusini, na kwamba haukuwa wa kwanza. Oktoba 2008 akakamatwa, akafikishwa mahakamani kwa kosa la kutoa habari za kutia hofu. Hati za mzigo zilikuwa na herufi GOSS, ambazo kila mtu wa kanda hii alizijua kuwa ni za Serikali ya Sudan Kusini. Sisi tukaambiwa ni mambo ya ndani ya jeshi. Vifaru vikapandishwa bara. Mwishoni mwa 2010 nyaraka za siri za ubalozi wa Marekani zilipovuja, zikaonyesha kwamba aliyosema Mwangura ndiyo yaliyokuwa: Kenya ilikuwa ikiipitishia silaha serikali ya Juba, na Wamarekani walijua.

Kumbuka Kenya ndiyo iliyowaketisha Wasudani Naivasha mpaka wakatia saini amani Januari 2005. Kumbuka pia mwaka 2006 Kenya ilikuwa moja ya nchi 7 zilizoandika azimio lililofungua njia ya mkataba wa biashara ya silaha katika Umoja wa Mataifa. Mkono mmoja ulikuwa unaandika azimio, wa pili unapokea kamba ya meli. Desemba 2013 jeshi la Sudan Kusini likapasuka katikati, Juba ikawaka, na watu wakaanza kukimbilia kambi ya Kakuma na kaskazini mwa Uganda. Nilikutana na mmoja wao, kijana wa Malakal, akiuza laini za simu karibu na stesheni ya zamani ya reli hapa Mombasa. Aliponiambia alikotoka nilishindwa kumtazama usoni. Vifaru vilipita mji huuhuu alimosimama.

Wapo watakaoniambia: makuli wa Mombasa wangefanya nini? Wangefukuzwa kazi. Ni kweli, na sina haki ya kumhukumu mtu mwenye watoto wanne na zamu tatu kwa wiki. Baba mwenyewe hunijibu kwa methali ya mkono mtupu haulambwi, na methali hiyo kwake haikuwa pambo la maneno. Alipoteza kidole kimoja cha mkono wa kulia chini ya waya, na fidia aliyolipwa haikutosha kodi ya miezi miwili. Kibarua asiye na mkataba haulizi karatasi ya mzigo. Ndiyo maana mimi sitenganishi kamwe kupinga vita na kupigania mshahara. Mwenye kukuajiri kwa siku anakununua mkono na ulimi pamoja. Makuli wa Durban waliweza kukataa risasi kwa sababu walikuwa na chama imara na ajira ambayo haikuisha jua likizama.

Na hapa kwetu nguvu hiyo ilipata kuwako. Babu yangu alikuwako mwaka 1947. Tarehe 13 Januari mwaka ule Mombasa ilisimama kimya: makuli, watu wa reli, wa mahoteli, watumishi wa majumbani, wafanyakazi kiasi cha elfu 15, siku 12. Walikutana kila siku katika kiwanja cha mpira ambacho walikipa jina Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo chama chao kilipozaliwa, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Ilipofika Agosti serikali ya kikoloni ilimkamata ikampeleka uhamishoni Kabarnet. Mwaka 1955 makuli wakagoma tena, safari hii Tom Mboya akaingia kati, na wakarudi kazini na nyongeza ya thuluthi ya mshahara. Babu alikuwa akisema jambo la 1947 alilolikumbuka zaidi ni ukimya. Alizoea mlio wa winchi usiku na mchana, na usiku wa kwanza wa mgomo hakupata usingizi kwa kuwa mji ulikuwa kimya mno.

Ukimya huo ndio silaha pekee niijuayo ya mtu asiye na kitu. Kampuni za silaha zina wanasheria, zina mawaziri, zina benki. Lakini kiwanda kiko nchi moja na vita viko nchi nyingine, na katikati pana maji, na ng'ambo zote mbili za maji pana mtu wa kufunga kamba.

Hili wamelielewa vizuri makuli wa Genoa, Italia. Mei 2019 meli ya Saudia, Bahri Yanbu, ilikwenda kupakia jenereta. Walipotambua kuwa ni za matumizi ya kijeshi, na kwamba Saudia ilikuwa mwaka wa tano ikiipiga Yemen, waligoma. Meli ikaondoka bila jenereta. Mwaka 2021 polisi walipekua nyumba za baadhi yao. Waliendelea.

Yemen si nchi ya mbali kwa mtu wa Mombasa. Mtaani kwetu Washihiri ni majirani, ni wakwe, ndio waliotufundisha kahawa chungu na tende asubuhi. Jirani yetu mmoja ana shangazi kule Shihr kwenyewe, na miaka ile alikuwa akipanda juu ya dari kila usiku kutafuta mtandao wa simu, maana chini ulikuwa ukikatika. Tulimsikia akirudia, "Halo, halo, mko?" Nilipomsomea habari ya Genoa aliuliza wale ni Waislamu? Nikamwambia hapana, ni wabeba mizigo. Akanyamaza, halafu akasema niwafikishie salamu, kana kwamba ninawajua. Naandika haya pia ili nizifikishe.

Kuna kizuizi kimoja ambacho wanaharakati wasiowahi kuingia bandarini hawakioni. Zamani kuli aliuona mzigo. Alijua gunia kwa uzito, kasha kwa sauti. Siku hizi ni kontena, lina lakiri, lina namba, kreni inalinyanyua na aliye juu ya kreni hajui kama amebeba viatu au baruti. Silaha zimejificha ndani ya biashara ya kawaida. Kwa hiyo kukataa leo kunahitaji watu wawili: mwenye mkono na mwenye karatasi. Durban palikuwa na mwandishi aliyeipata karatasi ya mzigo. Fos, karibu na Marseille, Ufaransa, Juni 2025, makuli wa chama cha wafanyakazi cha CGT walitonywa na watafuta habari juu ya kontena la vipande vya kuunganishia risasi za rashasha lililokuwa likienda Haifa. Wakalitafuta, wakaliweka kando, meli ikaondoka bila hilo. Mwangura wetu alikuwa na habari. Mikono ndiyo haikuwa upande wake. Hakutokea mtu wa kuipeleka habari ile getini, wakati wa kubadilisha zamu, na kuisoma kwa Kiswahili kwa watu waliokuwa wanaingia. Mimi nilikuwa umri wa kuifanya kazi hiyo, nikijiita mwanaharakati, na nilikwenda kutazama meli.

Tangu mwaka juzi tuko watu wachache tunaofuatilia meli zinazoingia: wawili wastaafu wa bandari, mwalimu mmoja, binti anayesomea sheria, na mimi. Tunasoma ratiba, tunauliza wakala gani, imetoka wapi, inapita wapi. Mara nyingi ni ngano na mafuta ya kula. Tunapiga chai na kurudi nyumbani.

Mwezi uliopita nilimsomea baba habari zote za Durban tangu mwanzo, polepole, kwa kuwa sasa macho yake hayaoni vizuri na anasikiliza zaidi kuliko zamani. Alinikatiza nilipofika kwenye uzito.

"Tani ngapi?"

"Sabini na saba."

Akafumba macho. Midomo ikawa inachezacheza kama anayevuta tasbihi. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakupata kuniambia. Mwaka mmoja, nami sijazaliwa, wavu uliteleza, kasha likaanguka gatini likapasuka, risasi zikamwagika mpaka chini ya reli ya kreni. Serahangi, msimamizi wao, akawaamuru waziokote. Aliokota akizihesabu, akafika mia mbili na kumi, halafu akaacha kuhesabu. Wakati ule hakuna aliyeuliza, naye hakuuliza, ila hiyo mia mbili na kumi haijamtoka.

"Wavu mmoja, enzi zetu, tani moja na nusu," akasema. "Sabini na saba... nyavu hamsini na kitu. Gengi moja nzuri, winchi isiyosumbua." Akanyoosha kiganja hewani, kile chenye vidole vinne, akakipandisha na kukishusha, akipiga hesabu.

"Nusu shifti," akasema. "Mwanangu, ile ilikuwa kazi ya nusu shifti tu."

Mkono wake ulikuwa bado juu. Akaukunja.